Akigonga Mara Mbili

3 Machi

Mjukuu wangu Cherehani,

Kaa kitako nikupe habari. Babu yako ni mtu mkubwa siku hizi. Sauti yangu inasikika nchi nzima, asubuhi mpaka jioni, kwa matajiri na kwa wachovu. Wakubwa wenye magari ya vioo vyeusi wananipigia mimi, nami nawaambia waanze tena, nao wanaanza tena bila kubisha. Tangu dunia iumbwe hajatokea fundi kufuli mwenye cheo hiki.

Haya, nimedanganya, na wewe unajua nimedanganya kuliko mtu yeyote. Sauti si yangu. Sauti ni ya kijana mmoja aliyepakwa asali kooni, anayeongea kana kwamba hata ulimi wake umevaa suti. Maneno ndiyo yangu.

Nikueleze ilivyokuwa, usije ukasema babu kazeeka vibaya. Bomba la mbele ya nyumba limepasuka. Uwani pamekuwa dimbwi, na bata wa jirani wamehamia bila hata kupiga hodi. Nikapigia simu ofisi ya maji. Nikaiweka mezani jikoni, spika juu, kwa sababu bibi yako anapenda kunisikia nikigombana na watu. Si unajua, tangu kiharusi kimguse, akili yake ni nzima, ulimi ndio umelewa. Maneno anayo yote, mlango wa kutokea ndio mwembamba. Zamani aligombana mwenyewe, soko zima la mitumba likaziba masikio. Sasa nagombana mimi kwa niaba yake.

Simu ikasema bonyeza hiki kwa hili, bonyeza kile kwa lile. Kidole changu, hiki ulichokiita kijiko, kikabonyeza namba mbili kwa mpigo. Nikangoja kutukanwa. Unamkumbuka yule mwanamke wa zamani wa simu ya maji? "Ingizo lako si sahihi." Alikuwa anasema kama karani wa mahakama anayekusomea kifungo. Lakini safari hii akatoka yule wa asali, akasema: "Hapo umeniacha kidogo, mwenzangu. Hebu anza tena, hakuna haraka."

Bibi yako alikuwa anakoroga chai. Kijiko kikasimama.

Nikajiambia, watu wawili wanaweza kufanana maneno kama wanavyofanana pua. Nikakosea tena, kwa makusudi. Yule kijana akasema: "Basi tupite njia nyingine. Kama ni ndiyo, gonga mara moja. Kama ni hapana, gonga mara mbili."

Cherehani, ile meza imechubuka rangi upande wa bibi yako, pale anapogonga kwa kifundo cha kidole. Moja ndiyo, mbili hapana. Hiyo si desturi ya ofisi ya maji. Tuliibuni sisi wawili, siku aliyotaka chumvi nami nikampa kila kilichomo kabatini isipokuwa chumvi.

Nikakosea kwa mara nyingine. "Pumzika kidogo," akasema. "Siko mbali." Ukaja muziki. Kisha muziki ukakatika, simu ikafa, na hakuna mtu aliyekuja. Mimi nikisema siko mbali, huwa niko hapo kwenye beseni nasuuza vikombe, na nikiitwa nakuja mikono inachuruzika maji. Huyo wenu yuko mbali, tena sana. Nina shaka kama yupo.

Mwaka jana ulipokuja mapumziko ulikaa kwenye kigoda cha mlangoni, simu mapajani, vidole vinakwenda mbio. Nikadhani unaandikiana na mchumba. Nikakutania, ukacheka. Kumbe mchumba mwenyewe nilikuwa mimi.

Nimechonga funguo maisha yangu yote. Amekuja mume kutaka ufunguo wa sanduku la mkewe, amekuja mke kutaka wa droo ya meza ya mumewe, amekuja mchungaji mmoja na habari ndefu hata sikuielewa. Wote niliwaambia neno moja: mwenye mlango aje asimame hapa. Wewe umechonga ufunguo wa nyumba yangu, ukaugawa mjini, na mwenye mlango alikuwa kiti cha pili kutoka kwako, anakukunia nazi.

Sitapokea simu yako. Mimi na simu tumeachana. Ukiwa na la kusema, andika, umpe dereva wa gari la magazeti, atanifikishia. Na usisahau nakudai. Ulishindwa drafti mara ya mwisho, na sheria ya nyumba hii unaijua: aliyeshindwa atafanya jambo dogo moja atakaloambiwa. Bado nafikiria ni lipi.

Babu yako,
Fundi Kufuli


12 Machi

Shikamoo Babu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilijua ungegundua siku moja. Nilidhani utacheka.

Niruhusu nikueleze kazi yangu, maana hujawahi kuniuliza, unasema tu kwamba nalipwa kwa kuongea, na kwamba wewe ndiye uliyeniona mapema uliponiita Cherehani kwa mdomo usiotulia. Mimi naandika anachosema mtambo wa simu pale mpigaji anapokosea. Kumwambia mtu abonyeze wapi, yeyote anaweza kuandika. Ugumu ni kumwambia hakueleweka, bila kumfanya ajione mjinga. Maneno yalitujia kutoka nje, kwa lugha ya waliotengeneza mtambo, sisi tukayatafsiri neno kwa neno. Ndipo akatokea yule karani wako wa mahakama. Watu wakawa wanakata simu, wengine wanautukana mtambo matusi ambayo tunayasikiliza kazini tukiwa tumeinamisha vichwa.

Nilijaribu kila namna. Nikaweka samahani, nikaweka tafadhali. Ikawa kama kuombwa radhi na askari anayekufunga pingu. Mkubwa wangu akasema nisipopata kitu, kazi atapewa mwingine.

Halafu nikaja kwenu, nikakusikia unaongea na Bibi. Babu, siku zote zile hukumwambia hata mara moja kwamba amekosea. Ulisema wewe ndiye uliyeachwa nyuma, arudi akuchukue. Nani amekufundisha hivyo? Nilirudi na maneno yako, na tangu yawekwe watu hawakati simu. Kuna mzee mmoja alimwambia mhudumu wetu, "Yule wa mwanzo ana adabu kuliko wewe."

Kwa nini sikukuomba? Kwa sababu nakujua. Ningekuambia nakusikiliza ungeanza kuongea kama redio, ungemtania Bibi, ungeimba. Yale maneno yanatoka kwako pale tu unapodhani hakuna anayekusikia ila yeye.

Sikutaja nyumba yako wala jina lako. Tafadhali msomee na Bibi barua hii, ajue kwamba katika faili letu lote la maneno ya makosa, ya kwenu ndiyo mazuri kupita yote.

Habari ya bomba nitamwambia mtu.

Mjukuu wako akupendaye,
Cherehani


4 Aprili

Cherehani,

Nilimsomea.

Unajua mimi niliishia darasa la nne. Nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, lakini nilivuka, yote, kwa sauti, hata pale uliponisifu nilisoma mara mbili. Bibi yako alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Nilipofika kwenye faili la maneno ya makosa, akanyoosha mkono akagonga meza. Mbili.

Nikadhani hataki niendelee. Nikaikunja barua. Akagonga tena. Mbili.

Toka siku hiyo hajasema neno. Unataka chai? Mbili. Huitaki? Mbili. Nikuondokee usoni? Mbili. Basi nibaki? Mbili. Nimemuuliza kama mimi ni mzee mzuri kuliko wote mtaani, swali ambalo huwa ananiguniaga, safari hii mbili tupu, bila mguno. Kula anakula. Kunitazama ananitazama. Lakini mdomo kaufunga, na hakuna ufunguo ninaoujua unaoingia hapo.

Hapo nyuma tulikuwa tumefika mbali. Alikuwa na "maji", alikuwa na "dirisha", alikuwa na nusu ya jina langu, na "mjinga" alikuwa analitoa safi kabisa, limenyooka kama alivyokuwa akilitoa sokoni. Nilikuwa nafanya ujinga kwa makusudi ili nilisikie. Sasa nimemwaga sukari, nimevaa shati nje ndani, nimewaita bata kwa majina ya shemeji zake. Kimya.

Yule mama wa zahanati anayekuja kumfundisha kuongea, yule wa viatu vizito, alikuja akajaribu picha zake zote. Bibi yako akamgongea mbili kwa kila picha, hata ya paka. Mama wa watu akanitoa nje akanieleza kwa maneno marefu. Mimi nimeelewa kwa habari ya bawaba: bawaba isipofunguliwa inashika kutu, na ikishashika, mlango unavunjwa, haufunguliwi tena. Asipouzungusha ulimi miezi hii, alichopata kitapotea na hakitarudi.

Na mimi nimfungue kwa kitu gani? Vifaa vyangu umeviuza. Nikisema "Hapo umeniacha kidogo," anaitazama simu. Nikisema tupite njia nyingine, anaitazama simu. Hata mtaani sina pa kupita. Kinyozi amejua, sijui nani kamwambia, labda ni mimi siku ile nilipojidai. Juzi kanishika kidevu, wembe uko shingoni, ananiambia "Pumzika kidogo, siko mbali." Duka zima likacheka. Nilicheka na mimi. Unataka nifanye nini, na wembe uko pale?

Umemwita kosa, mtoto wewe. Mwanamke aliyekubeba mgongoni akiwa anapanga mitumba, umemtia kwenye faili la makosa, halafu ukanituma mimi nikamsomee.

Nilikuwa nimeanza kukusamehe. Ilikuwa bado kidogo tu.

Babu yako


10 Aprili

Shikamoo Babu,

Nimelia kazini, wakadhani ni mafua.

Naomba mwambie Bibi kwamba neno "kosa" ni neno la kazi tu. Ni pale mpigaji anapobonyeza kisichotakiwa, au mtambo unaposhindwa kumsikia. Hata mkubwa wangu anapopiga akakohoa, huingia humo. Sikumaanisha yeye. Nisingeweza kumaanisha yeye. Ni uzembe wa kalamu, na ninauomba radhi kwenu nyote wawili.

Nitakuja kazi ikipungua, labda mwezi ujao au unaofuata. Nimenunua kitenge kizuri cha Bibi, nimempa dereva pamoja na barua hii.

Kwa sasa mwache apumzike. Usimuulize maswali mengi, Babu. Anachoka, na akichoka kidole chake hugonga ovyo tu, hata yeye hajui amegonga nini.

Cherehani


21 Aprili

Kwako Cherehani,

Kitenge kimefika. Kipo juu ya kabati, hajakigusa.

Umeniambia nisimuulize maswali mengi. Wewe umekulia karakana yangu na bado hujui: fundi kufuli ukimwambia usiguse hapo, hapo ndipo anapoanzia. Tena umesema kidole chake hugonga ovyo. Nimeishi na kidole hicho, mimi. Kinatetemeka, kinachelewa, lakini hakigongi ovyo. Nikajiuliza, huyu mtoto kakiona lini kikigonga ovyo?

Nikakaa na neno hilo. Dimbwi nalo likazidi kupanda, bata wakaanza kututazama kama sisi ndio wapangaji. Nikaipigia tena ofisi ya maji, spika juu, mezani. Nikabonyeza ilivyotakiwa, ikanikataa. Nikabonyeza tena, ikanikataa. Ikafika pale: "Pumzika kidogo. Siko mbali."

Bibi yako akagonga meza mbili, kwa nguvu, vikombe vikaruka. Halafu akaikazia simu macho, akasema: "Mwongo."

Lilitoka zima, Cherehani. Halikukwama popote. Niliangusha birika.

Kumbe zile mbili zake hazikuwa zangu. Mimi nilikuwa naulizia chai, yeye anajibu jambo jingine, ananijibu hilo hilo kila siku, nami kichwa maji nahesabu kwamba hataki chai. Nikavuta kiti.

"Unaigongea simu?" Moja.

"Ni lile neno la makosa alilokuita?" Mbili. Na kule kupandisha bega, kama kusema, nimeitwa mabaya zaidi sokoni.

"Umekasirika kwamba aliyachukua maneno yetu?" Mbili.

Hapo nilishangaa. Nikauliza nisichotaka kuuliza. "Ulijua?"

Alinitazama. Moja.

Basi nimelipata lote, polepole, kama unavyovuta msumari uliopinda. Ile siku uliyonituma dukani nikatafute skrubu za kabati, skrubu ambazo hazipo duka lolote, mlikaa hapo wawili. Ukamsomea maneno yangu moja moja, yeye akawa anagonga lipi la kwenda na lipi la kubaki. Mmenipepeta kwenye ungo wenu, nami niko juani natafuta skrubu. Yeye nimemsamehe kabla chai haijapoa. Alifikiri kuna wengine wenye ndimi kama wake wanaopiga simu huko wakatukanwa, basi na wasitukanwe. Hilo naliona, ingawa linaniuma, na nimemwambia linaniuma, akanishika kidole.

Nikamuuliza kama ulivyomuuliza wewe. "Hapo umeniacha kidogo"? Moja. Kugonga mezani? Moja, na akatabasamu kwa upande ule wa uso unaotabasamu.

"Siko mbali"?

Mbili.

Akaurudisha mkono mezani akagonga tena. Mbili. Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke.

Sikuwahi kukusimulia hilo neno lilikotoka. Wiki ile ya kwanza, hospitali, alipokuwa hana hata "a", walikuwa wananitoa nje kila wakimhudumia, na mlango ulikuwa na kitasa kibovu, hakifungi sawasawa. Nikawa nasema kupitia pale penye upenyo. Siko mbali. Nasema tu, mpaka wanifungulie. Hakuna mwingine aliyekuwapo. Hilo si neno la kumtuliza mtu aliyekosea namba. Lilikuwa lake, na alikuambia ni lake, kwa kidole kimoja alichobakiwa nacho cha kuongelea.

Wewe ndiwe msomi wa ndiyo na hapana, unalipwa kwa hilo. Hebu nieleze. Alipogonga mara mbili, ulisikia nini?

Babu yako


30 Aprili

Shikamoo Babu,

Nilisikia mbili.

Nimeandika mstari huo mara nyingi, nikauongezea maneno, nikayafuta. Umebaki huo.

Nilimuuliza habari ya "Siko mbali": "Bibi, hili nalo tulichukue?" Akagonga mbili. Nikamuuliza tena, nikamwambia, "Bibi, hili ndilo zuri kuliko yote, una hakika?" Akagonga mbili. Nikajiambia amechoka. Nikajiambia kidole kinatetemeka, alitaka moja kikarudia chenyewe. Mkubwa alikuwa anangoja neno la mwisho nikirudi tu, na sikuwa na jingine. Yale mawili ya mwanzo yanamtuliza mtu, lakini hilo la tatu ndilo linalomfanya angoje. Nikaandika: amekubali yote. Halafu ukaingia wewe, unalalamika juu ya skrubu, na Bibi akawa ananitazama, nami nikainuka nikakutengenezea chai.

Niliposoma kwamba amenyamaza, nilijua papo hapo ni kwa nini. Nikakuandikia habari ya kosa na kalamu, nikakuambia usimuulize. Hilo nalo ujue.

Nimemwendea mkubwa nikamwomba aliondoe. Akacheka. Neno hilo sasa ni mali ya kampuni, limeshawekwa kwenye simu za benki na za hospitali, kote kwenye foleni ndefu. Nikamwambia ukweli, kwamba mwenyewe alikataa. Akaniuliza kama alikataa kwa maandishi.

Nimeandika la kuweka badala yake: "Subiri, tunakuunganisha." Amesema ni baya. Ni baya kweli.

Kitenge kile sasa nakionea aibu. Babu, nifanye nini?

Cherehani


14 Mei

Mjukuu wangu Cherehani,

Nianze na salamu, maana nimegundua barua zangu mbili zilizopita sikukusalimu, na mtu akiibiwa haimaanishi naye aibe adabu. Hujambo.

Bibi yako ameanza tena. Kwanza lilikuwa neno lile lile moja, akalifanyisha kazi zote. Kinyozi alikuja kutusalimia: "Mwongo." Taarifa ya habari: "Mwongo." Mama wa viatu vizito alipomwambia anaendelea vizuri, alimtazama juu mpaka chini, unajua atakuwa alisema nini, na yule mama akafurahi hata akaandika. Wiki hii "maji" limerudi, kwa ajili ya dimbwi nadhani, na jana nilimwaga sukari nikapata "mjinga" wangu. Sikuimwaga kwa makusudi. Kidogo tu.

"Dirisha" bado. Jina langu bado. Yule mama anasema kuna vitu tulivyovipoteza mwezi ule ambavyo huenda visirudi. Nakuambia ili ujue, si kwa sababu nataka ulie ukasingizia mafua.

Umeuliza ufanye nini. Kwenye karakana yangu, mtu akija kusema ufunguo wake umechongwa na mwizi, kuna wanaotaka wamkamate mwizi wauchukue. Nawaambia wasijisumbue. Ukiupata huo mmoja utajuaje kama hakuna mwingine? Huendi kubishana na ufunguo. Unabadilisha kitasa.

Tumebadilisha. Lile la zamani likae huko kwenye foleni libembeleze watu. Juzi lilinitoka kwa mazoea, yeye akageuza uso, nami nikajiona kama niliyevaa koti la marehemu. Tukakaa mezani, nikawa nataja jingine na jingine, yeye anakataa. Alikataa mengi mazuri. Alikataa moja nililojisifia mwenyewe, akaliita mwongo. Mwishowe tukalipata. Aligonga moja, nami nikangoja, nikauliza tena, moja. Silitaji hapa. Na ukija ukaketi kwenye kigoda cha mlangoni tutanyamaza wote wawili kama samaki, usijisumbue.

Zamani ulipokuwa jikoni nilikuwa sikuoni. Ulikuwa kama moto jikoni, mtu hauoni, anaota tu. Sasa nitakuwa nakuona kila unapokaa, na nitapima ninachosema. Hilo ndilo lililovunjika, kama ulikuwa unalitafuta. Sijui bawaba yake ni ipi.

Sasa deni langu la drafti. Nimelifikiria vya kutosha. Ulishindwa kihalali, kete zangu zilikuwa tatu na zako moja, na hiyo moja ilikuwa imejificha pembeni kama mwenyewe. Sitaki uniombe radhi tena, radhi zako nimezisoma, unaandika vizuri, ndiyo kazi yako. Nataka dogo tu.

Njoo, usingoje kazi ipungue. Omba ruhusa, na mkubwa wako akikuuliza kama imo kwenye maandishi, mwonyeshe barua hii. Simu yako uiache kwa dereva wa magazeti. Vua viatu, dimbwi limefika mlangoni. Keti upande wa bibi yako, pale palipochubuka. Umuulize swali lile lile la mwaka jana, kwa maneno yale yale: Bibi, hili nalo tulichukue? Halafu ungoje. Kidole kinatetemeka kweli, kwa hiyo ungoje mpaka kitulie. Akigonga mara mbili, sema "Sawa, Bibi." Kisha inuka ukasuuze vikombe.

Babu yako,
Fundi Kufuli